Wembe wa Baba Kristina

Kristina alikuwa na miaka arobaini na sita alipoziona ndevu za baba yake kwa mara ya kwanza. Zilikuwa nyeupe, fupi, zimeota ovyo kuanzia masikioni hadi kooni, na zilimshtua kuliko mkono wa kulia uliokuwa umelala mapajani bila nguvu. Habari za mkono alishaambiwa kwenye simu. Za ndevu hakuna aliyemwambia.

Baba yake, Mzee Bartholomeo, alikuwa amerudishwa siku hiyo kutoka hospitali ya mjini Morogoro, alikolazwa wiki tatu baada ya kupigwa na kiharusi katikati ya Kwaresima. Mama yake Kristina, Bi Ester, ndiye aliyekaa naye huko chini. Kristina alibaki mlimani kuangalia mbuzi na kabichi za nyumba mbili, yake na ya wazazi wake, ambazo hutenganishwa na mfereji mmoja tu wa maji na shamba la njegere. Gari lilipofika barabarani, yeye na mumewe Raphael walimshika mzee huku na huku wakampandisha hadi nyumbani. Akamwamkia baba yake. Mzee akaitikia marahaba kwa ulimi mzito, mdomo ukivutwa upande mmoja, kisha akageuza uso asitazamwe.

Bartholomeo alikuwa fundi seremala wa misheni kwa miaka thelathini na tisa. Watu wa milima ile, kuanzia kijijini kwao mpaka sokoni Nyandira, walimfahamu kwa mambo mawili: milango aliyoitengeneza haikulia ilipofunguliwa, na uso wake haukuwahi kukutwa na unywele. Kila asubuhi kabla ya chai alisimama kwenye kioo kidogo kilichotundikwa karibu na dirisha akajinyoa kwa wembe wa kukunja, wembe wa chuma wenye mpini mweusi wa pembe, ambao Bruda Leonard, Mholanzi aliyekuwa mkuu wa karakana ya misheni, alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Bruda ndiye aliyemfundisha kuutumia. Kristina na ndugu zake walikua wakiamshwa na mlio wa wembe ule ukipigwa kwenye mkanda wa ngozi, huku na huku, taratibu, mpaka wakawa hawausikii tena.

Sasa mkono uliokuwa ukiushika ulikuwa umelala, na mzee akaanza kujificha. Wageni walipokuja kumpa pole alijifunika shuka hadi puani, akasingizia baridi. Baridi ilikuwepo kweli, maana mvua za masika zilikuwa zimeingia na ukungu ulikuwa haupandi mpaka saa nne, lakini Bi Ester hakudanganyika. Jumapili ya tatu, mzee alipokataa kupelekwa kanisani hata kwa pikipiki ya Raphael, mama alimvuta Kristina jikoni akamwambia kwamba baba yake haoni aibu ya mkono. Anaona aibu ya uso.

Walijaribu njia zilizokuwepo. Innocent, kitinda mimba wao, anayefanya kazi kiwandani Mzinga, alipanda na pakiti ya nyembe za plastiki akamnyoa baba yake kwa mikono yake. Siku ya tatu shingo yote ikawa imetoka vipele. Vilipopona wakamwita Abuu, kinyozi wa Nyandira, naye akaja na mashine yake ya kuchaji. Mashine iliacha visiki, visiki vikarudi chini ya ngozi, vipele vikatunga usaha. Abuu alirudi mwenyewe kuvitazama, akasema kweli bila kujitetea. Ndevu za namna ile, alisema, hujikunja zikaingia ndani, na dawa yake ni wembe mkali sana unaopita mara moja tu. Aliuona ule wa mzee juu ya kabati, akaukunjua, akaukunja upesi. Hakuwahi kuushika wa namna ile maishani mwake, na hakumjua mtu mwingine katika milima yote ya Mgeta aliyewahi.

Abuu alipoondoka, Kristina aliuchukua wembe akaenda kukaa kwenye kigoda mbele ya baba yake.

“Nifundishe, baba.”

Maneno siku hizo yalimtoka mzee moja moja, kila moja alilichagua kabla ya kulitoa.

“Huo si kisu cha kumenyea viazi.”

“Najua. Ndiyo maana nimesema nifundishe.”

Mzee akautazama mkono wa binti yake, mkono wa jembe, wenye sugu na udongo mweusi kwenye kucha. Kisha akasema Kristina atanoa kwanza. Atanoa mpaka yeye aseme basi, na kabla ya hapo hatamgusa usoni, wala hatamgusa mtu yeyote.

Basi Kristina akaanza. Kila siku jioni, akishamaliza kukamua mbuzi, alivuka mfereji akaenda kukaa kwenye baraza ya wazazi wake, beseni la maji mbele yake na kinoo kikiwa kimelowekwa tangu mchana. Vinoo vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa cha kukwaruza, ambacho mzee alinolea randa na patasi zake. Cha pili kilikuwa laini, cha rangi ya maziwa yaliyoganda, nacho kilikuwa cha wembe peke yake. Mzee alikaa kwenye kiti cha mikono na kuelekeza kwa kidole cha mkono wa kushoto. Wembe ulazwe kabisa, mgongo na makali vyote viguse jiwe. Usukumwe makali yakiwa mbele, bila kukandamizwa. Mwishoni ugeuzwe kwa kubingirishwa juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Urudi. Tena.

Lilionekana jambo dogo, lakini mikono ya Kristina haikulielewa. Miaka yote ilizoea kazi ambayo ukiongeza nguvu inakwenda mbele. Hapa, kadiri alivyokandamiza ndivyo wembe ulivyozidi kuwa butu, na baba yake alijua hata kabla ya kuutazama, kwa kusikiliza tu.

“Unalima,” alimwambia. “Acha kulima.”

Mkanda wa ngozi nao ulikuwa na sheria yake, kinyume cha kinoo, kwa sababu hapo wembe huvutwa mgongo ukiwa mbele na makali yakifuata nyuma. Siku ya kwanza Kristina alisahau, akausukuma kama alivyokuwa akiusukuma kwenye jiwe, na makali yakaingia kwenye ngozi yakachana alama ya urefu wa kidole. Mkanda ule ulikuwa na umri wa miaka arobaini bila mchubuko. Mzee alipitisha gumba juu ya ile alama, akamwambia aendelee, ila apite pembeni yake.

Mwishoni mwa Mei likatokea lililokuwa baya zaidi. Kristina alikuwa anausuuza wembe, mawazo yamekwenda kwa Fuso iliyokuwa ikisubiriwa kubeba kabichi, na makali yakagonga ukingo wa beseni la bati. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alipouinua kwenye mwanga akaona pengo, dogo kama punje ya mchanga, katikati kabisa ya makali. Baba yake alikuwa amesinzia kitini. Kristina akaukunja, akautia mfukoni mwa sweta, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake hakwenda. Alimtuma mtoto wa jirani apeleke njegere, akasingizia mafua. Keshokutwa hakwenda tena. Raphael alimwona akichota maji kwa mara ya nne na mtungi umejaa, akamwuliza kuna nini, akaelezwa. Raphael ni mtu wa maneno machache. Alimwambia kwamba baba yake amemfahamu tangu hajazaliwa, kwa hiyo mafua hayo lazima ameshayaelewa.

Siku ya tatu akavuka mfereji. Alimwamkia baba yake, akaufungua wembe, akauweka katika kiganja chake cha kushoto.

“Nimeutia pengo, baba.”

Mzee alipitisha ukucha wa gumba kwenye makali polepole. Ukucha ukakwama pale, akatikisa kichwa kidogo.

“Lini?”

“Siku tatu zilizopita.”

“Na juzi na jana?”

“Niliogopa.”

Kristina alisubiri maneno makali, na aliona yangekuwa haki yake. Mzee akamrudishia wembe. “Umepoteza siku mbili za kunoa,” akasema. “Lete kinoo cha kukwaruza. Sasa ndipo utajifunza.”

Kazi ya kuliondoa pengo ilichukua wiki mbili na nusu. Ilibidi makali yote yashushwe, kidogo kidogo, mpaka yafike chini ya lile pengo, kisha yajengwe upya kwenye jiwe laini. Katika wiki hizo Kristina aliacha kuhesabu mara alizosukuma. Akaanza kusikia kile alichokuwa akikisikia baba yake: mkwaruzo wa mwanzoni, halafu mlio mwembamba, halafu karibu kimya. Vidole vyake vikajua vyenyewe wembe unapoinuka hata kwa unene wa karatasi. Siku moja katikati ya Juni, jua likiwa limepenya ukungu, aliupitisha wembe juu ya mkono wake bila kuigusa ngozi, na vinyweleo vikaanguka pale pale viliposimama. Akamzungushia mzee kiti ili aone. Mzee akamwambia arudie. Akarudia.

“Basi,” mzee akasema.

Neno hilo moja Kristina alilibeba nyumbani kwake na hakumweleza mtu mpaka asubuhi, kwa kuogopa litapungua likisemwa.

Baada ya kunoa ndipo kunyoa kulipoanza, na hapo mzee aliagiza maputo. Bruda Leonard alimfanyia hivyo yeye: puto lijazwe pumzi, lipakwe povu la sabuni, linyolewe povu lote bila kupasuka. Grace, binti ya Kristina anayesoma chuoni Mazimbu, aliyatuma kwa gari la mboga akidhani kuna mtoto anafanyiwa sherehe. Kristina alipasua saba. La nane alilinyoa likabaki zima, likining'inia kwenye kamba ya nguo mpaka lilipoisha pumzi lenyewe.

Kisha alihitajika mtu, na Raphael akajitolea. Alikaa kwenye kigoda uani, kitambaa shingoni, akaomba kusali kwanza. Kristina alimsubiri amalize ishara ya msalaba, akamkanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto, akampaka povu. Wembe ulazwe karibu na ngozi, baba yake alikuwa amefundisha, nafasi iliyobaki kati ya mgongo wake na shavu isizidi upana wa migongo miwili. Mkono wa pili uvute ngozi. Wembe ufuate ndevu zinakoelekea, usizipinge. Akamkata Raphael mara moja chini ya kidevu, palipo na bonde, na jiwe la shabu likaikausha damu papo hapo. Mara ya pili hakumkata. Mara ya tatu Raphael alitembea soko zima la Nyandira na mashavu yakimeremeta, akimwambia kila aliyemsalimia amguse.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Julai alipomnyoa baba yake.

Kiti kiliwekwa dirishani, pale pale alipokuwa akisimama zamani. Bi Ester alibaki mlangoni na rozari, hakutaka kuingia na hakutaka kuondoka. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa rahisi. Upande wa kulia, ambao kiharusi kilikuwa kimeulegeza, ngozi ilikuwa imeshuka na kukunjamana, na mzee hakuwa na uwezo wa kuikaza. Kristina aliivuta kwa vidole vitatu, akanyoa sehemu ndogo, akaiachia, akaivuta nyingine. Alipofika kooni, kwenye kikoromeo, alisimama kidogo. Baba yake alikuwa amefumba macho na pumzi yake ilikuwa imetulia kabisa, na Kristina akatambua kwamba aliyekuwa anaogopa chumbani mle ni yeye na mama yake tu. Akaendelea.

Alipomaliza, akamfuta kwa maji baridi. Uso ukatoka, ule ule aliouona tangu utotoni, umepinda kidogo mdomoni lakini ni ule ule. Mzee akaomba kioo. Akajitazama huku, akajitazama kule.

“Chini ya pua hujamaliza,” akasema.

Kristina akapamaliza. Kesho yake mzee alikwenda misani kwa pikipiki ya Raphael, amevaa koti lake la kijivu, akakaa kiti cha mbele. Vipele havikutoka siku ya tatu, wala wiki ya pili. Watu waliouliza ni kinyozi gani aliyemnyoa waliambiwa, na wengine hawakuamini. Mzee mmoja wa parokia alimsimamisha Kristina njiani akamwomba amwoneshe mikono yake. Akaionesha, sugu na yote, na hakuona sababu ya kuificha.

Angeridhika yaishie hapo. Kila Jumatano na Jumamosi alivuka mfereji na kumnyoa baba yake, na ilikuwa saa aliyoipenda kuliko zote katika wiki. Lakini mwezi wa Agosti, waliporudi kutoka kliniki ya mjini, mzee alikuwa na jambo kichwani. Judith, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa pale kliniki, alikuwa amemwambia asiulee mkono wa kushoto. Aupe kazi, na kazi aichague mwenyewe. Jumatano Kristina alipokuja na beseni, mzee alinyoosha mkono wa kushoto na kuomba wembe.

Kristina akadhani anataka kuukagua. Alipoelewa, akakataa. Alisema mkono huo haujawahi kuandika hata jina, na shavu la kulia halina hisia za kutosha. Atajikata na hatajua. Yote aliyosema yalikuwa kweli.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. “Wewe umeanza na miaka arobaini na sita,” akasema. “Hukuwahi kushika chochote cha namna hii. Mimi najua kila kitu. Ni mkono tu ndio haujui.”

Kristina alikaa na beseni mapajani, maji yakipoa. Hakupenda lililokuwa moyoni mwake. Alijiona kama mtu anayenyang'anywa kazi yake, na mwenye kunyang'anya ni mgonjwa anayetaka uso wake mwenyewe. Akaona haya. Kisha akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na mkanda wa ngozi na puto moja.

“Utapiga mkanda kwanza,” akamwambia. “Mpaka niseme basi.”

Mzee akacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, lakini kilikuwa cha kwanza tangu Kwaresima.

Hivyo wakabadilishana viti. Kristina alishika ncha ya mkanda na baba yake akavuta wembe juu yake kwa mkono wa kushoto, akitetemeka, akikosea pembe, akianza upya. Yeye naye alimrekebisha kwa maneno aliyorekebishwa nayo, na mzee akayafuata, ingawa mara moja alinung'unika kwamba fundi huyu ni mkali. Maputo alipasua kumi na moja. Kristina aliyahesabu, na hakuweza kujizuia kukumbusha kwamba yeye alipasua saba. Mzee akasema saba hayo yalikuwa ya mikono miwili.

Septemba alianza shavu la kushoto, na wiki ya pili akajikata. Halikuwa jeraha kubwa, lakini uso humwaga damu nyingi, na Bi Ester aliingia akakuta kitambaa kimelowa. Aliuchukua wembe, akaufuta, akaufungia katika sanduku lake la nguo, na ufunguo akaufunga kwenye ncha ya khanga. Kristina alipojaribu kumweleza, mama yake alimwambia kwamba hakumuuguza mtu miezi sita ili waje wamchinje kwa mchezo wa maputo.

Siku nne wembe ulikaa sandukuni. Ndevu zikaanza kuota tena, na mzee akarudi kukaa ameipa barabara mgongo. Kristina hakumtetea, kwa sababu mama yake naye alikuwa na haki. Ni mzee mwenyewe aliyeongea. Siku ya tano, Bi Ester akiwa anachambua njegere kwenye ungo na Kristina akimsaidia, alijikokota kwa fimbo hadi karibu yao, akasimama.

“Mama Kristina,” akasema. “Siku ya kukuoa nilijinyoa mwenyewe.”

Bi Ester hakuinua macho. Mzee akavuta pumzi, akayapanga maneno yake. Oktoba inayokuja walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na paroko alishapanga misa ya jubilei. Akasema kwenye altare atakwenda hata akibebwa, na mkono atautoa wa kushoto kama wa kulia haupo. Lakini uso aliompelekea siku ile aliutengeneza yeye, na ndio huo anaotaka kumpelekea tena.

Maganda ya njegere yaliendelea kupasuka mikononi mwa Bi Ester kwa muda. Kisha akaifungua ncha ya khanga, akampa Kristina ufunguo. Akamwambia mumewe kwamba siku akinyoa, yeye atakaa humo humo ndani, si mlangoni.

Kuanzia hapo walifanya kazi kila siku. Tatizo lilikuwa shavu la kulia. Mkono mmoja ukishika wembe, ni nani atakayevuta ngozi? Wakagundua njia wenyewe, ambayo hata Bruda Leonard hakuifundisha: Kristina alisimama nyuma ya kiti na kuikaza ngozi kwa vidole vyake, na mzee akapitisha wembe. Ilibidi waelewane bila kusema. Mwanzoni Kristina alivuta mapema mno au akachelewa kuachia. Baadaye alijifunza kutazama bega la baba yake. Bega likishuka, wembe unakuja.

Asubuhi ya jubilei ilipambazuka bila ukungu hata kidogo, jambo la nadra upande ule. Watoto wote wanne walikuwa wamefika, na Innocent alipanda na mchele na kreti za soda. Alikuwa hajamwona baba yake akinyoa kwa mkono wa kushoto. Kaka na dada walimweleza, naye akafikiri wanatania, akaja kusimama chumbani na simu mkononi. Bi Ester alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amevaa gauni jipya, mikono mapajani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Kristina alikuwa ameunoa wembe. Aliupitisha kwenye kinoo laini mara chache tu, maana haukuhitaji zaidi, akaumalizia kwenye mkanda. Sasa akautia katika kiganja cha baba yake, akazunguka nyuma ya kiti.

Mzee alianza na shavu la kushoto, akashuka hadi tayani. Mkono ulitetemeka ulipokuwa hewani, lakini ulipogusa ngozi ulitulia. Akahamia kulia. Bega likashuka, Kristina akakaza; bega likapanda, akaachia. Kidevu, chini ya kidevu, juu ya mdomo. Innocent alikuwa ameshusha simu na kusahau kupiga picha. Kooni mzee alisimama, akapumua, akamaliza kwa mistari minne mirefu. Hapakuwa na tone la damu popote.

Bi Ester aliinuka akamfuta yeye mwenyewe kwa maji baridi. Kisha akapitisha nyuma ya kiganja chake kwenye shavu la kulia, akapitisha kwenye la kushoto, akachukua muda wake. Akasema wataichelewa misa.

Kanisani mzee alitoa ahadi yake kwa sauti nzito, neno baada ya neno, na hakuna aliyekohoa mpaka alipofika mwisho. Baada ya misa watu walishuka nyumbani kula. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya nyumba na migomba, na Kristina alikuwa kwenye sufuria la wali, anapakua, foleni ikiwa ndefu. Innocent alisimama kusema kwa niaba ya watoto. Hakuwa amefika mbali alipoona baba yake anainuka kwa fimbo. Innocent akakaa.

Mzee Bartholomeo aliwatazama watu waliomjia, majirani, wanajumuiya, wazee wenzake wa parokia, wengine wakiwa na mashavu yaliyonyolewa kwa haraka asubuhi ile.

“Leo nimejinyoa mwenyewe,” akasema. Alingoja wanyamaze, maana vigelegele vilikuwa vimeanza. “Kwa mkono huu. Alinifundisha Kristina. Na wembe kaunoa yeye. Unakata vizuri kuliko nilivyokuwa naunoa mimi.”

Akakaa. Vigelegele vikapanda tena, safari hii vikitoka kwa wanawake waliokuwa jikoni, na foleni nzima ikageuka kumtazama Kristina. Alikuwa na upawa mkononi uliojaa wali na mbele yake palikuwa na sahani iliyonyooshwa. Machozi yalikuwa yamemjaa, akayaacha. Aliuweka wali kwenye sahani ile, taratibu, bila kumwaga punje, akainua kichwa na kumwambia anayefuata asogee.